Mvua Nyingi, Maji Haba: Habari za Visiwa vya Komoro

(Mazungumzo haya tuliyasoma mbele ya wanakisomo wa kijiji chetu, juu ya Uwanda wa Makonde. Tumeyaandika hapa karibu kama yalivyosemwa.)



Mnakumbuka wiki mbili zilizopita tulikuwa tukisoma ramani hapa darasani. Tukatoka Mtwara mjini, tukaingia baharini, tukaona nukta nne. Babu mmoja akasoma kwa sauti, silabi moja moja: Ko-mo-ro. Tukampigia makofi. Halafu tukasoma kwamba watu wa kisiwa kikubwa cha huko wana shida ya maji. Hapo ndipo darasa lilipogawanyika. Mama mmoja akauliza, kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, hiyo shida inatoka wapi? Babu akamjibu kwamba maji ya bahari hayanyweki. Mama hakuridhika. Akasema, sawa, lakini mvua je? Au huko hainyeshi?

Sisi wa kamati ya maktaba hatukuwa na jibu siku ile. Tukaomba muda, tukatafuta vitabu, tukauliza. Leo tumekuja kulipa deni. Na tunasema mapema: huyu mama aliuliza swali kubwa kuliko alivyodhani, kwa sababu sisi tunaokaa juu ya uwanda huu tunalo swali hilohilo mgongoni mwetu. Tena tunalibeba kichwani, kwenye ndoo.

Kwanza tujue mahali penyewe. Visiwa vya Komoro viko katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Tukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Mtwara mjini hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni kama kilomita 370. Ni karibu zaidi kuliko kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam! Ni majirani zetu hasa, ila bahari inatufanya tuwaone wako mbali.

Visiwa vikubwa ni vinne. Ngazidja ndicho kikubwa kuliko vyote. Kisha Nzwani, kisha Maore, na kidogo ni Mwali. Redioni wakati mwingine mtasikia majina ya Kifaransa: Grande Comore, Anjouan, Mayotte, Mohéli. Msibabaike, ni visiwa vilevile. Wafaransa walivitawala vyote vinne. Tarehe 6 Julai, 1975, Komoro ilitangaza uhuru, lakini Maore ikabaki chini ya Ufaransa mpaka leo, na serikali ya Komoro inaidai. Ndiyo maana bendera ya Komoro ina nyota nne, ingawa serikali ya Moroni inatawala visiwa vitatu. Watu wengi wamekufa maji wakivuka usiku kutoka Nzwani kwenda Maore kwa boti ndogo, kutafuta hospitali na kazi. Habari hiyo ni ndefu, na ya kusikitisha. Tutaizungumza siku nyingine.

Visiwa hivyo vitatu vya Ngazidja, Nzwani na Mwali vikiwekwa pamoja havizidi sana Unguja kwa ukubwa. Vina ardhi ya kilomita za mraba kama 1,860 tu. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 758,316. Lugha yao ni Kikomoro, ndugu wa Kiswahili. Ukiwasikiliza kwa makini utashika neno hapa na neno pale. Wangazija wengi walihamia Unguja tangu zamani, na wakati wa kupigania uhuru chama chao kimoja kilikuwa na makao yake Dar es Salaam.

Sasa tuingie kwenye swali la mama.

Je, huko hainyeshi? Inanyesha. Inanyesha kutushinda sisi sana. Mnajua tulivyojifunza kupima mvua kwa milimita: weka chombo chenye kuta zilizosimama wima, mvua inyeshe, pima kina cha maji. Dar es Salaam kwa mwaka hupata kama milimita 1,100. Dodoma haifiki 700. Moroni hupata zaidi ya 2,500. Na katika miteremko ya mlima nyuma ya Moroni, upande wa magharibi, kuna mahali panapopata zaidi ya 5,000. Milimita 5,000 ni mita 5. Yaani kama mvua ya mwaka mzima isingetiririka wala kukauka, ingesimama juu ya kichwa cha mtu aliyebebwa mabegani na mwenzake, na bado ingepanda.

Mvua hiyo inaletwa na nini? Inaletwa na upepo na mlima. Wakomoro wana misimu miwili, na majina yake mnayajua: kaskazi na kusi. Kaskazi huanza kama mwezi wa Novemba hadi Aprili. Huo ni wakati wa joto na mvua. Pwani joto la wastani hufika kama nyuzi 27. Kusi ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Hapo hali ni ya ukavu, upepo unapoa, joto linashuka hadi nyuzi 23 au 24. Watu wa Tanga na Unguja watashangaa, kwa sababu kwao kaskazi ni wakati wa jua, na mvua kubwa ni ya masika, baada ya kaskazi. Lakini sisi wa kusini hatushangai. Mwezi wa Desemba jua linakuwa limekwenda kusini, na mkanda wa mvua hulifuata. Unatupita sisi na kuwafikia wao. Mvua yetu na yao ni ya msimu mmoja.

Tofauti ni mlima. Katikati ya Ngazidja umesimama mlima wa moto uitwao Karthala, mita 2,361 juu ya usawa wa bahari. Upepo umetoka baharini umebeba unyevu, unagonga mlima, hauna pa kupita, unapanda. Ukipanda unapoa. Ukipoa hauwezi tena kubeba mzigo wake, unautua. Ndiyo maana upande wa magharibi una mvua nyingi kuliko upande wa mashariki wa kisiwa hichohicho.

Basi, mvua iko. Maji yanakwenda wapi?

Hebu tuutazame mlima wenyewe. Ngazidja nzima imejengwa na moto wa chini ya ardhi. Mawe yaliyoyeyuka yalitoka kama uji, yakatiririka, yakapoa, yakawa mwamba mweusi. Na mwamba huo umejaa nyufa na vitundu, kama andazi lililoumuka. Kisiwa bado ni kichanga kwa hesabu ya miamba, na mahali pengi udongo ni mwembamba. Mvua ikianguka haipati nafasi ya kutengeneza mto. Inazama pale pale. Ndugu zangu, Ngazidja yote haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ukiikuta mifereji mikavu iliyochimbwa na mvua, ni ya saa chache tu. Mvua ikikoma, maji yamekwisha.

Maji yaliyozama hayakupotea kabisa. Yanashuka ndani ya mwamba mpaka yanakutana na maji ya bahari, ambayo nayo yamepenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu yake, kama mafuta ya taa yanavyoelea juu ya maji. Tabaka hilo ni jembamba. Mtu wa pwani akichimba kisima karibu na bahari, anapata maji ya magadi, yenye chumvi. Mtu wa mlimani akitaka kuyafikia hayo maji matamu, lazima achimbe mamia ya mita. Nani ana nguvu hiyo kwa jembe na sururu? Mji wa Moroni unapata maji kwa pampu, kutoka visima virefu vya Vuvuni, karibu na mji. Na pampu nayo ina mipaka. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda.

Kwa hiyo vijiji vingi vya Ngazidja vinakunywa maji ya mvua ya paa. Bati, mfereji wa bati, tangi la saruji. Mvua ya kaskazi inajaza tangi, na maji hayo yanatakiwa yafike mwisho wa kusi. Mara nyingi hayafiki. Kufika Septemba na Oktoba matangi yanagonga chini, na mwenye fedha ananunua maji yanayoletwa kwa gari. Asiye na fedha anakunywa ya kisima cha pwani, chumvi na yote.

Hapo tuliposoma habari hii, mmoja wetu katika kamati alicheka, si kwa furaha. Akasema, "Hiki si kisiwa, hiki ni kwetu." Na kweli. Uwanda wetu haukujengwa na moto, umejengwa na mchanga, lakini tabia ni ileile. Mvua inanyesha, mchanga unakunywa, maji yanakwenda kutokea chini kabisa ya mteremko. Bibi zetu walikuwa wakiondoka alfajiri kuteremka bondeni na kurudi jua limepanda, na mtungi mmoja. Bomba la serikali limesaidia sana, lakini siku mashine ikiharibika, tunarudi kwenye njia ya bibi zetu.

Mlima wa moto una hatari nyingine ambayo sisi hatuna. Karthala haujalala. Mwezi Aprili 1977 ardhi ilipasuka kusini-magharibi mwa Ngazidja, na uji wa moto ukateremka katika kijiji cha Singani. Watu walikimbia wakaokoka, lakini nyumba zao ziliungua na kufunikwa. Mwaka 2005 mlima ulitapika mara mbili, Aprili na Novemba. Safari hii haukumwaga uji juu ya vijiji. Ulimwaga majivu. Na majivu yalianguka wapi? Juu ya mabati. Kutoka mabatini yakaingia katika matangi. Watu zaidi ya laki moja wakajikuta na maji ambayo hawakuweza kuyanywa, matangi yao yakiwa yamejaa! Ikabidi maji yasafirishwe kwa magari. Kisha Aprili 2012 zikaja mvua zisizo za kawaida. Huko Vuvuni mafuriko yaliziharibu pampu, na Moroni ikakaa bila maji ya bomba kwa sababu ya maji kuzidi. Ndipo tulipoelewa kwamba kuwa na maji mengi na kuwa na maji ya kunywa ni mambo mawili.

Msidhani visiwa vyote viko hivyo. Nzwani ni kisiwa cha zamani zaidi. Mwamba wake umeoza kwa miaka mingi, umekuwa udongo, na udongo huo unashika maji. Nzwani ina milima mikali, mrefu kuliko yote unaitwa Ntringi, mita 1,595, na mabonde yake yamechimbwa na mito. Mito ya kweli, ya kufulia, ya kuoga, ya kunyweshea shamba. Mabaharia wa zamani waliokuwa wakienda Bara Hindi walikuwa wakitia nanga Nzwani kwa ajili hiyo, kujaza mapipa yao maji matamu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Zaidi ya nusu ya mito hiyo leo haitiririki mwaka mzima. Ikifika kusi, inakauka. Mvua haikuacha kunyesha. Kilichoondoka ni msitu.

Na msitu uliondokaje? Hapa tunaomba tusiwahukumu wenzetu haraka. Wakati wa ukoloni, makampuni ya Kifaransa yalichukua ardhi nzuri ya chini, yakapanda miwa, vanila na ilangilangi. Wakulima wakasukumwa juu, kwenye miteremko. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, na leo Nzwani ina watu zaidi ya 700 katika kila kilomita moja ya mraba. Wote wanataka shamba la ndizi na muhogo. Kisha kuna hiyo ilangilangi. Ni mti wenye maua ya njano yenye harufu nzuri sana. Maua yanachemshwa katika chungu kikubwa, mvuke unapozwa, na mafuta yake yanauzwa Ulaya kutengenezea manukato. Komoro inaongoza duniani kwa mafuta hayo. Lakini kuchemsha kunataka kuni, kwa saa nyingi, na kuni zinatoka mlimani. Bibi wa Paris anajipaka tone moja nyuma ya sikio, na mto mmoja wa Nzwani unapungua. Mkulima anayekata kuni hapati fedha nyingi. Lakini kama hana nyingine?

Mti kazi yake ni nini juu ya mto? Majani yanapokea mvua kwa upole, haipigi ardhi kama nyundo. Majani yaliyooza chini ni kama sponji. Mizizi inafungua njia ili maji yaingie ndani ya udongo polepole, na kutoka polepole kwenye chemchemi miezi mingi baadaye. Ukiondoa mti, mvua ileile inakimbia juu ya ardhi, inabeba udongo, inafika baharini siku hiyohiyo. Siku ya mvua una mafuriko. Mwezi wa Septemba una mawe makavu. Udongo uliobebwa nao unakwenda kufunika matumbawe, na samaki wa karibu wanapungua. Wavuvi wanalipia kuni za wakulima.

Mwali ni kisiwa kidogo, watu wake wachache, msitu umebaki zaidi. Fukwe zake hupandwa na kasa wengi kutaga mayai, na wanavijiji wenyewe wanashiriki kuwalinda. Mwaka 2001 ilianzishwa hifadhi ya bahari huko, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa chote katika hifadhi zake za uhai duniani.

Neno moja kuhusu vimbunga, kwa sababu babu aliuliza. Komoro iko pembeni ya njia yake, si kila mwaka hupigwa. Usiku wa tarehe 24 Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kilipita karibu na ncha ya kaskazini ya Ngazidja, kikaua watu, kikaangusha minazi na migomba. Kesho yake kikaingia Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mnakumbuka sisi tulivyoonywa, tukakaa tunasikiliza redio. Kilitukosa kidogo tu. Mwezi Desemba 2024 kimbunga Chido kikaipiga Maore vibaya sana, nacho kikaingia Msumbiji. Upepo ukitoka kwa majirani hawa, sisi ndio ng'ambo yao.

Mama aliyeuliza swali, tunadhani sasa umejibiwa. Lakini ulituuliza jingine mlangoni, ukiondoka: kama Wangazija wanaishi kwa tangi, kwa nini sisi hatuna hata moja hapa shuleni? Hili tumelifanyia hesabu, na wanafunzi wa hesabu mtusahihishe.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa hili tunalikadiria mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 1,000. Tunapata lita 60,000. Tutoe sehemu moja ya tano inayoruka na kumwagika. Zinabaki 48,000, sawa na mapipa 240 ya lita 200. Mlishangaa, hata sisi tulishangaa. Maji yote hayo yanaanguka juu ya vichwa vyetu na kuzama mchangani.

Lakini tusidanganyane. Mvua inakuja kwa miezi michache, na kiangazi ni kama siku 200. Tangi la lita 10,000 linajaa mapema, mengine yanamwagika. Tukitoa ndoo 10 za lita 20 kila siku, tangi hilo limekwisha kwa siku 50. Wangazija wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Tangi moja litawafaa watoto wa shule kunywa. Halitamaliza safari ya bondeni.

Ndiyo maana kamati imepeleka serikali ya kijiji mambo mawili pamoja. La kwanza, sehemu ya fedha ya korosho inunue saruji ya tangi. La pili, miti iliyo juu ya chemchemi yetu isikatwe tena, wala kuni wala mkaa. Tunajua wako watu humu ndani wanaoishi kwa mkaa huo, na hatukuwataja kwa ubaya. Tumeomba wapewe nafasi ya kusema katika mkutano wa Jumapili, kabla ya kupiga kura, na waseme wanataka nini badala yake.

Kesho asubuhi tutapima paa hili, tuone kama mita 60 ni za kweli. Mwenye futi aje nayo. Na babu aje na daftari, yeye ndiye atakayeandika.